Gonga Kuni, Kisha Sikiliza

Tangu nistaafu, kiungo changu kinachokosa kazi kuliko vyote ni sikio. Mikono nimeipatia bustani ya sombe, majani yale ya muhogo, miguu inanipeleka kwenye kwaya, lakini sikio lilizoea kusikiliza kuni na sasa linahangaika. Nikiosha vyombo nagonga vijiko. Nikikaribishwa kwa watu nagonga miguu ya kiti kabla sijakaa. Jumapili moja niligonga benchi la kanisa wakati wa matangazo, na baba aliyekuwa mbele yangu akageuka kunitazama. Benchi lenyewe ni kavu kabisa, kama kuna anayetaka kujua.

Ninyi mnaobaki kwenye bulanjeri yetu ya mikate, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie namna ya kupanga na kukausha kuni wakati wa mvua. Nadhani mlitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Poleni sana. Mimi ni Katungu, yule mnayemwita Mama Kavu, na nikianza habari za kuni hata wanangu hukumbuka ghafla kwamba wametumwa sokoni. Karatasi haiwezi kunikimbia, kwa hiyo nitasema yote.

Nilianza Butembo, kwenye bulanjeri ya kwanza ya patron wetu. Nilikuwa msichana, na niliposikia nimeitwa kwenye kazi ya mikate nilivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikakaa wima yenyewe. Nilijiona tayari nimesimama nyuma ya meza nikiwapa watu mikate ya moto huku nikitabasamu. Patron alinitazama, akaitazama blauzi, kisha akanionyesha mlango wa nyuma. Nyuma kulikuwa na ua, matope, na ukungu wa asubuhi wa Butembo, ule unaokufanya usalimie mti ukidhani ni jirani. Ndani ya ukungu mwanamke aliimba wimbo wa kanisa na kugonga kitu. Nikaifuata sauti.

Huyo ndiye Mama Kyakimwa, msimamizi wa kuni. Alikuwa mfupi, amevaa koti la kiume na kitenge juu ya koti, na buti za mvua, moja nyeusi na moja ya kijani.

"Wabukire, mama," nikasema.

"Wabukire. Blouse iko muzuri sana. Kesho utaifunga ku kichwa. Kuya hapa, funga macho."

Nikafumba macho. Akagonga kuni mbili mbele ya uso wangu, halafu mbili nyingine.

"Gani iko inalia?"

"Ile ya kwanza, mama."

"Na ya pili?"

"Ya pili haiko inalia. Iko kama mutu anapigwa ku tumbo."

"Voilà. Ya kwanza njo inapika mukate. Ya pili iko na maji ndani. Ukiitia mu furu itatoa moshi na povu, mukate utatoka mweupe sawa na mugonjwa, patron atakasirika, na mimi nitakurudisha kwenyu. Fungua macho. Umepata kazi."

Hiyo ndiyo ilikuwa interview yangu yote. Sijawahi kufanya nyingine, na sijawahi kuona sababu ya kufanya nyingine.

Ukuni aliokuwa anagongea aliuita Mwalimu. Ulikuwa kipande cha mkaratusi cha urefu wa mkono, kikavu hasa, kilichopata rangi ya kijivu na kung'aa kwa kushikwa. Ukiugonga Mwalimu na ukuni mwingine mkavu, zote mbili zinalia, sauti ya juu, safi, inayokufanya utake kugonga tena. Ukigonga na ukuni mbichi, Mwalimu ananyamaza. Mama Kyakimwa alitembea nao kwapani siku nzima, hata chooni, na vijana wa chukudu waliotuletea kuni walimtania kwamba ndio mume wake wa pili. Yeye alijibu kwamba wa kwanza naye angeweza kujifunza kunyamaza.

Sasa kazi yenyewe. Kule Butembo kuni zetu zilikuwa karatusi kutoka vilimani. Vijana walizishusha kwa chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, wakija mbio kwenye mteremko huku wakipiga kelele ili kuku na wachungaji wapishe njia. Karatusi hupasuliwa ikiwa mbichi. Ukisema utaipasua kesho kutwa, na kesho kutwa ukasema wiki ijayo, itakuja siku shoka litaruka na kukurudia. Ikishapasuliwa, usiiweke chini. Udongo wetu hunywa mvua na kumgawia kila anayelala juu yake. Tulitandika mawe, juu ya mawe tukalaza miti miwili mirefu, na juu ya miti ndipo tukaanza kupanga.

Pembe za rundo hupangwa kwa kupishana, safu moja hivi na nyingine vile, zisimame zenyewe kama nguzo. Katikati unalaza kuni kwa kuachia nafasi. Nafasi gani? Mama Kyakimwa alinipimia kwa mkono wangu: vidole viingie, kiganja kibaki nje. Mgongo wa rundo unaelekea mlima, uso unaelekea bondeni ambako upepo unatoka. Safu ya juu kabisa ngozi ya mti inatazama juu, ili mvua iteleze. Halafu mabati, yameinama kidogo, yametokeza mbele, na mawe juu yake. Mabati tu. Pembeni usifunike kitu.

"Kuni inavaaka kofia," alinifundisha. "Koti, hapana. Ukiivalisha koti itatoka jasho."

Nilipenda kazi ile mpaka nikaona haya. Rafiki zangu walikuwa wanaota duka la vitambaa, mimi nikiota rundo lililonyooka. Nilipomaliza la kwanza nikarudi nyuma hatua chache kulitazama, na lilikuwa zuri, zuri sana, mistari yake yote imekaa sawa na ukungu unapita katikati yake. Nikacheka peke yangu. Likaanguka lote. Mama Kyakimwa hakugeuka hata kidogo, aliendelea kuimba, ila nilisikia wimbo umebadilika, sasa ulikuwa unahusu kuta za Yeriko.

Kabla hamjadhani alikuwa mtakatifu wa kuni, niwaambie habari ya turubai. Kaka yake alirudi kutoka safari ya biashara akamletea turubai kubwa la buluu, jipya, linanukia plastiki. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza. Mama Kyakimwa alilitandaza uani, akalizunguka, akalipapasa. Niliona moyo wake unayeyuka.

"Mama, si ulisema kuni haivaake koti?"

"Hii haiko koti," akasema bila kunitazama. "Hii ni zawadi."

Akalifunga rundo zima, juu mpaka chini, kwa kamba, na juu ya mafundo akafunga mafundo. Wiki nzima alikuwa anapita pale akilipiga makofi kidogo. Mvua ilinyesha, ikanyesha, ikanyesha tena, na sisi tukaimba. Siku tulipolifungua, mvuke wa moto ulitoka kama sufuria ya maharage, na ndani kuni zetu zilikuwa zimeota uyoga kila upande. Uyoga mweupe, mnene, mzuri wa macho, mistari kwa mistari. Nilingoja Mama Kyakimwa alie, au anitukane mimi.

"Katungu," akasema mwisho, "leta kitunga."

Aliuinamia mmoja mmoja, akaunusa, akasema huu ni ule ule anaookota kwao tangu utoto. Jioni ile wafanyakazi wote tulikula bugali na uyoga, na patron mwenyewe akaomba kuongezewa. Turubai tulimpa mlinzi akajengee bafu. Kuanzia hapo, kila mvua zikianza, vijana wa chukudu walisimama mlangoni na kuuliza kwa heshima zote: "Mama, uyoga njo itaiva siku gani?"

Miaka ilikwenda. Mama Kyakimwa alipochoka alirudi kwao Alimbongo kulima viazi. Siku ya kuondoka alinipa Mwalimu, akaninyang'anya, akaugonga kwenye nguzo ya mlango mara ya mwisho, akanipa tena. Nililia. Yeye hakulia, alisema machozi ni unyevu, na kwamba hapa tunafanya kazi na vitu vikavu. Wasingya, mama, asante. Kila ninachokijua kilitoka kwako, pamoja na mambo kadhaa ambayo mume wangu hakuyafurahia.

Halafu patron akafungua bulanjeri ya Beni, hii yenu, kwenye barabara ya kwenda Mavivi, akanituma niipangie ua wa kuni. Nilikuja na Mwalimu na kiburi changu chote cha Butembo. Beni ilinikaribisha kwa kicheko. Butembo mvua inakaa, ina adabu, inanyesha kama mtu anayesali. Beni inamwaga ndoo nzima, kisha jua linatoka na ua wote unafuka. Na mchwa! Nililaza miti yangu miwili kama kawaida, na nilipoinyanyua baadaye ilikuwa maganda tu, ndani wamekula yote wamekwenda. Ndipo nikajifunza kusimamisha rundo juu ya matofali, na matofali kuyapaka oili chafu tunayoiomba kwa mafundi wa magari. Nyuso mbili za rundo nilizielekeza jua la asubuhi na la jioni. Kuni za siku inayofuata tuliziingiza ndani ya tanuri jioni, mikate ikishatoka na moto ukishavutwa nje, zimalizie kukauka kwa joto la matofali. Hilo mnalifanya mpaka leo. Chunguzeni kwanza kama hakuna kaa lililobaki, la sivyo mtakuta mmezipika badala ya kuzikausha.

Nafika sasa kwenye Noeli ile. Wapya wenu mmeisikia nusu nusu, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi, jambo ambalo kwa habari hii ni la kuchekesha, kama mtakavyoona.

Patron, mnamfahamu, ni mtu mwema lakini anapenda mashine. Kabla ya Noeli alikuja Beni akaketi kwenye gunia la unga, akashika kofia mkononi, nikajua kuna neno.

"Mama Katungu, nimepata furu ya mazuti. Iko Kasindi, ku mupaka, inangojea tu. Haiombe kuni, haiogope mvua."

"Na sisi, Patron?"

"Mais mama, miye ninapendaka mukate ya kuni! Basi ninasema hivi. Noeli njo itaamua. Kama mukate ya Noeli inapatikana yote, ile furu itabakia kule kule, nitaiuzisha. Kama mukate inakosa, donc, batu bote ba kuni, tutaagana."

Watu wa kuni tulikuwa mimi, wapasuaji wangu, na akina mama walioleta mizigo mgongoni kutoka mashamba ya karibu. Hakuna hata mmoja aliyejua kazi ya tanuri la mazuti, mafuta yale ya lori. Kwangu lilikuwa zaidi ya chakula. Nililala nikimwona Mwalimu amewekwa kwenye kona ya jiko la mtu, anangojea kuchemsha chai.

Lakini sikuogopa sana, maana rundo langu la Noeli lilikuwa tayari na lilikuwa linalia kote, ukilipiga ni kama kengele za Wakatoliki. Kisha ikaja dhoruba. Alasiri moja upepo ukang'oa mabati, ukayapeleka kwa majirani, ukasukuma rundo lote likaangukia kwenye mtaro, na mtaro ukajaa. Kuni kavu ikinyeshewa juu juu haina neno, ukiipa upepo inakauka upesi. Hizi zangu zililala ndani ya maji ya matope, zikanywa mpaka zikashiba, na mvua haikutupa nafasi ya kuzianika. Lori za kuni kutoka kusini zilikuwa zimekwama kwenye utelezi. Msituni hakuna aliyekwenda kwa hofu ya wenye bunduki, na habari zao mnazijua. Tanuri la jioni liliweza kukausha kidogo tu, za kuokea mikate ya siku za kawaida, tena kwa kusuasua. Nilimgonga Mwalimu kwenye kuni moja, nyingine, nyingine, na kila mara akanyamaza. Niliketi juu ya matofali nikalia unyevu wangu wote.

Jumapili nikamwendea mchungaji wetu kabla ya ibada. Yeye ndiye aliyeagiza mikate mingi kuliko wote, ya meza ya Bwana na ya chakula cha washirika baada ya ibada ya Noeli. Nilimwambia atafute pengine. Alinisikiliza, akanitazama, akauliza:

"Mama Katungu, kuni kavu inaisha mu Beni muzima?"

"Pasta, kuni kavu iko mu majikoni ya batu tu. Juu ya mafiga, pale kila mama anawekaka yake."

"Basi iko," akasema, akaenda kuvaa joho.

Mnajua utara, uchaga ule wa miti ulio juu ya mafiga, ambako moshi na joto hupita kutwa. Hakuna kuni kavu kuliko ile duniani, na hakuna mama anayeigawa ovyo. Wakati wa matangazo mchungaji alisimama akasema kila nyumba ilete ukuni mmoja, mmoja tu, kutoka juu ya mafiga yake, ili kanisa lipate mkate. Akaongeza kwamba Mama Katungu atakuwa mlangoni akizigonga, na kwamba yeye hataombea ukuni wa mtu yeyote.

Kesho yake asubuhi nilifungua mlango wa ua nikakuta mstari umefika barabarani. Wenzangu, sijui niwaambieje furaha ile. Mama mmoja alileta ukuni wake umefungwa kwa kitenge kama mtoto. Bibi arusi mpya alileta wa nyumba yake na wa mama mkwe, na akaniomba nigonge wa mama mkwe kwanza. Wakatoliki walikuja pia, wakisema mkate hauna dhehebu. Mwanajeshi akafika na kipande kutoka jiko la kambi, akakinyoosha kwa mikono miwili akiuliza kwa Kilingala kama kinafaa: "Mama, koni oyo ebongi?" Nikagonga. Ikalia. Mstari ukapiga makofi, naye akapiga saluti kwa Mwalimu.

Mzee mmoja wa kanisa, Papa Kambale, mtu wa suti hata Jumatatu, alileta ukuni mnene kuliko wote. Nikagonga. Ndu. Nikagonga tena, kwa heshima. Ndu.

"Papa," nikasema, "hii haijalia. Rudisha mu jikoni."

"Miye mzee wa kanisa!"

"Kuni haijue ile, Papa."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Aliondoka amenuna, na kabla mstari haujaisha akarudi na mwingine, mwembamba, ukalia vizuri. Alikuwa anatoka jasho na anatabasamu. Kufika mchana tulikuwa na rundo la ajabu, nene kwa nyembamba, ndefu kwa fupi, kila mti wa Beni umo, na lote linalia. Nililizunguka nikicheza. Wapasuaji wangu, watu wazima wenye ndevu, walicheza nyuma yangu.

Siku ya kuoka tuliwasha, na tanuri likashika moto kama halijawahi kuona mvua. Nikasikia harufu nzuri ya chakula. Nikasema moyoni, majirani wanakula vizuri leo. Nikatupia kuni nyingine. Harufu ikaongezeka. Nikasema, majirani hawa wana wageni. Sikufikiri zaidi ya hapo, maana matofali yalikuwa meupe kwa joto, mikate inaingia na inatoka imepanda, ina rangi, na mimi nilikuwa naimba. Patron alikuja kukagua. Alikuwa na mafua, macho mekundu, pua imeziba kabisa. Akachukua mkate mmoja, akaubonyeza, akauleta puani, akavuta kwa nguvu.

"Parfait," akasema.

Hebu niwakumbushe kitu ambacho mji mzima tulikisahau kwa pamoja. Wiki ile ya Noeli kila nyumba iliyojaliwa ilikuwa imenunua samaki wa Kyavinyonge, wale wanono wa ziwani. Na samaki wa Noeli huwekwa wapi mpaka siku yake? Juu ya mafiga. Kwenye utara. Juu ya kuni. Na huko wanakaa siku kwa siku wakidondosha mafuta, tone kwa tone.

Noeli, kanisa limejaa mpaka madirishani. Patron na mke wake wameketi karibu na kwaya. Mchungaji akauinua mkate, akashukuru, akaumega. Sahani zikapita. Nilikuwa safu ya tatu, na sahani ilipofika kwangu nikajua. Harufu yote ya Kyavinyonge ilikuwa pale, mitumbwi na nyavu na soko lake. Niliona watu wanautazama mkate, wananusa, wanatazamana, hakuna anayethubutu. Mchungaji akatafuna. Akaacha kutafuna. Akaanza tena, polepole. Nilifumba macho nikaliona tanuri la mazuti linatoka Kasindi juu ya lori, linanijia.

Ndipo bibi mmoja wa safu ya mbele, ambaye hasikii vizuri na kwa hiyo hanong'oni, akamwuliza jirani yake:

"Mikate tumeona. Zile samaki mbili ziko wapi?"

Aliyecheka kwanza ni mtu wa besi kwenye kwaya, akajaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi. Halafu akina mama. Halafu madirishani. Mchungaji alijifunika uso kwa Biblia, na tukaona Biblia inatetemeka. Alipoweza kusema, alifuta macho.

"Bandugu," akasema, "siku ile Bwana alipana mukate, alipana na samaki. Leo ametupatia yote mara moja. Tukule kwa shukrani."

Tulikula. Sijawahi kuona ushirika wenye furaha vile, na tafadhali msiniambie haukuwa mtakatifu, nilikuwepo. Mtu pekee ambaye hakucheka ni patron, aliyekuwa anageuka huku na huku akiuliza, "Banacheka nini? Banacheka nini?" mpaka mke wake akamnong'oneza. Akanitafuta kwa macho. Akanipata.

Baada ya ibada alinifuata chini ya dirisha. Nilimshika Mwalimu kwapani.

"Mama Katungu. Mukate ilikosa?"

"Hapana, Patron. Ilipatikana yote."

"Ilibakia?"

Nikatazama ndani. Washirika walikuwa wanaomba wapewe wa kupeleka nyumbani, na Papa Kambale alikuwa ameficha mmoja ndani ya suti.

"Haibakie hata moja, Patron."

Akapenga kamasi, akafikiri. "Miye nilisema, kama mukate inakosa. Hapana nilisema, kama mukate inanuka samaki." Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeziba pua, kinachotoka masikioni. "Ile furu ibakie Kasindi."

Nilimkumbatia patron wangu mbele ya mke wake na kanisa zima. Hilo pia halikuwa kwenye kazi niliyoandikiwa.

Desturi ya ukuni wa Noeli ilianzia hapo, na mnajua haijakoma. Kila mwaka mstari unafika barabarani, ingawa siku hizi tunagonga kwanza na kunusa pili, na kuni zenye samaki zinawekwa kando kwa wale wanaokuja kuuomba mkate ule kwa jina lake. Mvua inanyesha au hainyeshi, watu wanataka kuja wagongewe.

Nilipostaafu nilimpa Riziki, aliyeshika kazi yangu ya kuni, yule Mwalimu. Nilimnyang'anya, nikaugonga kwenye nguzo, nikampa tena. Siku hizi nakaa kwa binti yangu, ambaye anapikia makala, makaa yale ya gunia, nyumba safi, haina mafiga wala utara. Noeli iliyopita nikasema siwezi kukosa mstari. Nilikuwa na ukuni wangu mmoja, mzuri, wa karatusi, uliosimama nje ukutani chini ya ukingo wa paa. Niliufuta kwa kanga nikaenda nikapanga mstari kama raia. Watu wakanisukuma mbele: "Mama Kavu, pita, pita!" Nikapita, kichwa juu.

Riziki akaupokea kwa mikono miwili. Akamwinua Mwalimu, akagonga.

Ndu.

Mstari wote ukakauka. Akagonga tena, kwa heshima, na nikaijua heshima ile. Akanirudishia ukuni kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "hii haijalia. Rudisha mu jikoni."

"Miye Mama Kavu!"

"Kuni haijue ile, mama."

Nyuma yangu Papa Kambale, sasa ni mzee wa fimbo, alicheka mpaka wajukuu wakamshika asianguke. Mimi nilimrukia Riziki nikambusu mashavu yote mawili, nikampaka matope ya kanga yangu, na nikarudi nyumbani na ukuni wangu begani nikiimba barabara nzima, watu wa pikipiki wananipisha. Wacheni mashine zote za duniani zikae Kasindi. Tanuri letu lina mtu.

Ukuni wangu sasa uko juu ya mafiga ya jirani. Jana niliingia kwake nikaugonga, na bado haujalia. Lakini mwaka huu, Riziki, kaa tayari, nitakuwa wa kwanza mlangoni.